Masafa ya simu yana bei gani? Hesabu kutoka Kilosa na Mikumi

Mwezi Oktoba 2022 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipiga mnada masafa ya redio kwa ajili ya simu za mkononi na kukusanya takriban dola za Marekani milioni 187. Wanunuzi walikuwa makampuni manne: Vodacom, Airtel, Viettel inayofanya biashara kwa jina la Halotel, na Tigo, ambayo tangu mwishoni mwa 2024 inaitwa Yas. Hakukuwa na gunia wala tofali lililotoka ghalani. Kilichouzwa ni haki ya kutumia vipande fulani vya mawimbi kwa miaka kadhaa, bila mwingine kuruhusiwa kuvigusa.

Mwenye hisa na mwenye kibanda cha uwakala wote wanaguswa na bei hiyo. Kampuni ikilipa kupita kiasi, fedha hutoka kwenye gawio au kwenye minara ambayo ingejengwa. Ikilipa kidogo mno, Hazina ndiyo inayopunjwa, na Hazina hujua njia ya kufidia kwa kodi. Suala hili liliingia mifukoni mwa Watanzania wengi mwaka 2017, pale Vodacom Tanzania ilipouza asilimia 25 ya hisa zake kwa shilingi 850 kila moja, kutimiza sheria iliyoyataka makampuni ya simu yaingie Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mauzo yalisuasua, ikabidi muda uongezwe na wageni waruhusiwe kununua, hadi zikapatikana shilingi bilioni 476. Hisa zilianza kuuzwa sokoni Agosti 2017, na miaka michache baadaye bei ilikuwa chini ya ile 850. Waliozinunua walinunua, pamoja na minara, magari na jina la kampuni, leseni za masafa. Wangapi walijiuliza leseni hizo zina thamani gani?

Swali hilo hujibika vizuri zaidi likishushwa kutoka taifa zima hadi wilaya moja. Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, inafaa sana.

KILOSA NI NCHI NZIMA KWA UDOGO

Kwa mpimaji wa masafa, Kilosa ina kila aina ya tabu na kila aina ya neema. Magharibi kuna milima ya Rubeho na Ukaguru, ambako mnara mmoja huona bonde hili na kulikosa la pili. Mashariki ni tambarare ya Mkata. Kaskazini kuna Dumila kwenye barabara ya Dodoma, katikati kuna mkonge wa Kimamba na mji wenyewe wa Kilosa uliokua na reli ya kati, kusini kuna miwa ya Ruembe, na kusini-magharibi vitunguu vya Malolo. Kisha kuna Mikumi: mji wa barabarani, wenye nyumba za wageni, mama lishe na malori yaendayo Zambia na Kongo. Nje kidogo ya mji ipo Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, yenye kilometa za mraba 3,230, ambayo barabara kuu inaikata kwa kilometa kama 50 bila kijiji.

Masafa hayafanani tabia. Yale ya chini, kama megahezi 700, 800 na 900, husafiri mbali, hupita kwenye majani na kuta kwa urahisi zaidi, na hayakati tamaa haraka mbele ya kilima. Yale ya juu, kama 2600 na 3500, huishia karibu, lakini hupatikana kwa vipande vipana, hivyo hubeba mzigo mkubwa wa data. Kwa kanuni ya fizikia, mahali pasipo na kizuizi chochote, na kama antena ni za aina moja, ukizidisha masafa mara mbili umbali wa mawimbi hupungua kwa nusu, na eneo linalofikiwa hubaki robo. Bondeni na milimani hesabu hiyo huvurugika, ila mwelekeo ni uleule.

Kwa hiyo masafa ya chini ni mali ya Malolo na ya vijiji vya kando ya njia ya kutoka Mikumi kwenda mjini Kilosa. Masafa ya juu ni mali ya stendi ya Mikumi saa mabasi yanaposimama na abiria wote kufungua simu kwa pamoja. Megahezi moja si sawa na megahezi nyingine, kama vile ekari ya Kariakoo isivyo ekari ya porini.

Masafa mazuri ya chini, kwa taarifa, hayakuwa huru zamani. Yalikaliwa na televisheni. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na nafasi iliyoachwa ndiyo iliyokuja kuuzwa kwa makampuni ya simu.

KIPIMO CHA KICHWA

Kipimo kinachotumiwa na mabenki na washauri wa mitaji ni rahisi: chukua bei iliyolipwa, igawe kwa idadi ya megahezi, kisha igawe kwa idadi ya watu wa eneo la leseni. Kinachobaki ni bei ya megahezi moja kwa kichwa kimoja.

Mwaka 2018 TCRA ilipouza masafa ya megahezi 700, Vodacom na Azam Telecom zilipata kila moja jozi ya megahezi 10, yaani 20 kwa jumla, kwa takriban dola milioni 10 kila kampuni. Kwa watu wapatao milioni 55 wa wakati huo, hiyo ni chini ya senti moja ya dola kwa megahezi kwa kichwa. Ghana, Desemba 2015, MTN ililipa dola milioni 67.5 kwa jozi ya ukubwa huohuo katika megahezi 800. Kwa watu wapatao milioni 28, ni kama senti 12. Tofauti ni zaidi ya mara kumi, kwa mawimbi ambayo tabia zake zinakaribiana kabisa.

Mnada wa 2022 unasema nini? Airtel Tanzania ililipa dola milioni 60.1 kwa megahezi 140 katika masafa ya 2600 na 3500. Kwa watu milioni 61.7 wa sensa ya mwaka huohuo ni kama sehemu saba za kumi za senti. Miezi michache kabla, Airtel Kenya ilikuwa imelipa dola milioni 40 kwa megahezi 60 za masafa ya 2600. Kwa watu milioni 47.6 wa sensa ya 2019 ni senti 1.4. Mtu wa haraka atasema Tanzania iliuza nusu bei. Asiharakishe. Fungu la Tanzania lina 3500 ndani yake, ambayo mara nyingi huwa rahisi kuliko 2600, na mnunuzi wa vingi hupata kwa jumla.

Sasa kipimo hicho kipelekwe Kilosa. Sensa ya 2012 ilikuta watu 438,175 wilayani, na wameongezeka tangu hapo. Kwa bei ya Tanzania ya 2018, jozi ya megahezi 10 kwa Kilosa peke yake ingestahili dola 80,000 hivi. Kwa bei ya Ghana ingepita dola milioni moja. Wilaya ni ileile, watu ni walewale, na jibu limeruka zaidi ya mara kumi kwa sababu tu mpimaji kabadilisha nchi ya kulinganishia.

Udhaifu mwingine wa kipimo hiki unaonekana ukisimama Mikumi. Ndani ya hifadhi hakuna wakazi wa kuhesabiwa, kwa hiyo kilometa zile 50 zina thamani ya sifuri. Lakini kila siku hupita hapo mabasi na malori yenye watu wenye simu, na wengine wana mzigo ambao mwenyewe yuko Dar es Salaam anataka kujua umefika wapi. Tangu 2024, treni ya reli ya kisasa nayo inapita Kilosa kwenda Dodoma na abiria wake. Karani wa sensa aliwaandika watu hao walikolala, nao hununua vifurushi wanakotumia. Kipimo cha kichwa hakina mahali pa kuwaweka.

HESABU YA MINARA, NA MTEGO WAKE

Kipimo cha pili huanzia kwa fundi. Leseni ya masafa ya chini inapunguza minara mingapi? Ifuatayo ni hesabu ya mfano tu, tarakimu zake zimechaguliwa kurahisisha na si za kampuni yoyote.

Tuseme vijiji vya Kilosa visivyo na mtandao vinaweza kufikiwa kwa minara 12 kwa masafa ya chini, au minara 30 kwa masafa ya juu. Kila mnara unajengwa kwa shilingi milioni 200 na kuendeshwa kwa milioni 30 kwa mwaka, pamoja na umeme, mlinzi, mafuta ya jenereta na pango la ardhi. Leseni ni ya miaka 15. Fedha ya mwaka kesho si sawa na ya leo, kwa hiyo mhasibu hupunguza kila shilingi ya baadaye kwa, tuseme, asilimia 15 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, shilingi moja inayolipwa kila mwaka kwa miaka 15 ina thamani ya shilingi 5.85 leo.

Minara 18 iliyookolewa ni shilingi bilioni 3.6 za ujenzi, na shilingi milioni 540 za uendeshaji kila mwaka, ambazo kwa thamani ya leo ni bilioni 3.16. Jumla ni karibu bilioni 6.76. Muuzaji wa leseni atapiga meza na kusema: bei ndiyo hiyo.

Hapo ndipo penye mtego, na si wenye hisa wadogo tu walioingia humo. Hesabu hiyo inadhani kwamba, bila leseni, kampuni ingejenga minara 30. Je, kweli ingejenga? Inabidi kuangalia mapato.

Tuseme minara hiyo ingepata wateja 30,000 na kila mmoja akaiachia kampuni shilingi 2,500 kwa mwezi baada ya kodi, tume za mawakala na gharama zinazofuata matumizi. Ni milioni 900 kwa mwaka, na kwa thamani ya leo bilioni 5.26. Minara 12, kuijenga na kuiendesha kwa miaka yote, ni bilioni 4.51. Kinachobaki ni kama shilingi milioni 757. Minara 30, kwa upande mwingine, ingegharimu bilioni 11.26 kwa mapato yaleyale, hasara ya bilioni 6. Hakuna meneja ambaye angeijenga. Bila leseni ya masafa ya chini kampuni ingeviacha tu vijiji hivyo.

Kwa hiyo leseni haina thamani ya bilioni 6.76. Thamani yake ni milioni 757, kwa sababu njia mbadala ya kweli ni kukaa bila kufanya kitu, na kukaa hakuna gharama. Kwa dola moja kubadilishwa kwa shilingi 2,500, ni kama dola 300,000, kiasi kilicho kati ya bei ya Tanzania na bei ya Ghana zilizopatikana hapo juu. Hata kiasi hicho ni kikomo cha juu. Kampuni ikilipa zote 757 imeifanyia kazi Serikali kwa miaka 15 bila mwenye hisa kuongezewa senti. Na ada ya masafa ya kila mwaka, ambayo hulipwa mbali na bei ya mnada, bado haijatolewa.

Tarakimu hizo ni nyepesi kama karatasi penye upepo. Wateja wakiwa 20,000 badala ya 30,000, kampuni inapata hasara ya karibu bilioni moja. Mstari wa kutopata wala kukosa uko kwenye wateja 25,700 hivi. Kiwango cha kupunguza kikipanda kutoka asilimia 15 hadi 20, kwa sababu mikopo imekuwa ghali au wawekezaji wamepata wasiwasi na sera, wateja walewale 30,000 wanaipa leseni thamani ya milioni 125 tu. Hapo fundi hajabadili kitu na wanakijiji hawajapungua. Ni riba iliyokula sehemu tano kati ya sita za thamani.

MNADA UNAPOKWENDA KINYUME

Pale hesabu inapotoa hasara, masafa yana thamani chini ya sifuri. Maneno hayo yanasikika ya ajabu, lakini Tanzania imeunda mfuko mzima kwa ajili yake. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioanzishwa kwa sheria ya 2006, huitisha zabuni ambamo makampuni hushindana kuomba ruzuku ndogo kupeleka huduma kwenye kata zisizolipa. Mei 2023 zilitiwa saini mikataba ya minara 758 katika kata 713, na ruzuku ya Serikali ilikuwa shilingi bilioni 126. Ukigawa, ni wastani wa milioni 166 kwa mnara. Hiyo ni bei ya soko pia, tena ya ushindani, ila inakwenda upande wa pili wa kaunta.

Mnunuzi wa vitunguu aliyeko Malolo, anayetaka kujua bei ya leo katika soko la Ilala kabla ya kupakia, hajali mnara ulilipiwa na nani. Mwenye hisa anapaswa kujali. Leseni ya nchi nzima ni kifurushi: Mikumi mjini na stendi yake hulipia kijiji cha mlimani, na kadiri masharti ya leseni yanavyoitaka kampuni kufika mbali zaidi, ndivyo bei ambayo kampuni yenye akili inaweza kutoa inavyoshuka. Serikali haiwezi kudai bei ya Ghana na kusambaa kote kwa pamoja bila mmoja wapo kulegea.

BEI HUTENGENEZWA PIA NA IDADI YA WASHINDANI

Majirani wanatoa mafunzo. Uganda iliuza leseni ya pili ya taifa kwa MTN mwaka 1998 kwa dola milioni 5.8. Kenya, miaka miwili baadaye, ilipata dola milioni 55 kutoka kwa Kencell, na Safaricom ikalipa kiasi hichohicho. Ni karibu dola mbili kwa kila Mkenya, na chini ya senti 30 kwa kila Mganda. Mwaka 1998 hakuna aliyeamini kwamba mkulima angenunua simu. Muda wa MTN Uganda ulipokwisha, leseni mpya ya miaka 12 kuanzia Julai 2020 iligharimu dola milioni 100. Hewa ya Uganda haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba wateja walikwisha onekana, na kampuni ilikuwa na mitambo ambayo isingeweza kung'oa na kuondoka.

Kenya nayo iliwahi kujipiga mweleka. Ada ya leseni ya kizazi cha tatu iliwekwa dola milioni 25, Safaricom ikalipa mwaka 2007, na wengine wakagoma kwa kuona ni ghali. Mwaka 2010 ada ikashushwa hadi milioni 10. Aliyetangulia alikuwa amelipa mara mbili na nusu, ingawa alipata miaka ya kuuza peke yake, na hilo nalo lina bei.

Mbali zaidi, Uingereza ilivuna pauni bilioni 22.47 kwa leseni tano mwaka 2000, wakati kila mtu akiwa amelewa hisa za teknolojia. Miezi michache baadaye Uswisi ilibaki na wanunuzi wanne kwa leseni nne, ikauza kwa bei iliyokaribia ile ya kianzio. New Zealand mwaka 1990 ilitumia kanuni ya mshindi kulipa bei ya aliyemfuata, na mmoja aliyekuwa tayari kutoa dola 100,000 za nchi hiyo akalipa dola 6. India ilifanya kinyume cha yote: mwaka 2008 iligawa leseni kwa bei ya 2001 bila mnada, na Februari 2012 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikafuta leseni 122.

PA KUANGALIA KWENYE MIZANIA

Mwekezaji mdogo hawezi kwenda Kilosa kuhesabu minara, lakini vitabu vya kampuni iliyoorodheshwa vinafunguliwa kwa kila mtu. Leseni huandikwa katika fungu la mali zisizoshikika, kwa bei iliyonunuliwa, kisha hupunguzwa kila mwaka hadi muda wake uishe. Tarakimu hiyo si bei ya soko. Leseni iliyopatikana kwa bei poa zamani inaweza kuonekana kama takataka kwenye mizania na kumbe ndiyo inayobeba biashara yote. Ile iliyonunuliwa kwa fahari inaweza kukaa hapo ikiwa nzito bila kuzaa.

Maelezo yanayofuata mizania husema leseni imebakiza miaka mingapi. Iliyobakiza mitatu ni bili inayokuja, na mfano wa Uganda unaonyesha ukubwa wake. Kisha iangaliwe aina ya masafa: kampuni yenye masafa ya juu pekee itauza vizuri Morogoro mjini na Mikumi, na itahangaika Ulaya na Zombo. Mwisho ni sarafu. Leseni zilipigiwa hesabu kwa dola katika mnada wa 2022, wakati mteja wa Kilosa hulipa kwa shilingi, vocha ya elfu moja kwa elfu moja, na zaidi msimu wa mavuno kuliko wakati mvua zinapoharibu barabara.